Nilivyomkosesha Mama Kiti

Karatasi zilikuwa za bluu. Nilikuwa nimeshuka kwenye stoo ya mama, kule chini ya jengo ambako kila nyumba ina kizimba chake cha wavu na kufuli, natafuta ovaroli yangu ya zamani ya theluji ili nimvalishe binti yangu. Nilipovuta mfuko, boksi la viatu lililokuwa juu yake likaanguka na karatasi za kura zikamwagika miguuni pangu. Zilikuwa na bluu ileile ya kura za mkoa, zimevimba kwa unyevu, zinanuka kama soksi zilizosahaulika ndani ya buti. Kando ya kila jina kulikuwa na kisanduku, na kwenye visanduku kulikuwa na alama za X za penseli, kubwa na za kupinda, za mkono wa mtoto. Mkono wangu.

Taa za kule chini hujizima zenyewe. Zilipozima sikuinuka kuziwasha. Nilikaa kwenye saruji gizani nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita, kama mtu anayetafutwa.

Mama yangu mnamjua. Kama unakaa Stockholm na unaongea Kiswahili cha nchi yoyote, basi umeshakula pilau kwenye sherehe aliyoihutubia. Ndiye mwanamke wa kwanza kutoka kwetu kukaa kwenye baraza la mkoa, pale wanapoamua habari za hospitali na treni. Vipindi vitatu. Sasa anastaafu, na chama cha akina mama kinaandaa kitabu cha kumuaga. Mimi nimeombwa ukurasa mmoja, "kumbukumbu tamu ya utotoni na mama." Ukurasa huo sina. Ninao huu.

Watu wote wanamwita Mama Rehema. Rehema ni mimi. Jina langu limekaa barazani miaka kumi na miwili bila mimi kuulizwa.

Tuliishi Rågsved, ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Baba alikuwa mji mwingine na familia nyingine, tusimpotezee wino. Mama alitoka Morogoro kuja kusomea uuguzi, akaishia kuwa muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya wazee, na zamu zilizomwangukia zilikuwa zile za jioni ambazo Waswidi wenyewe walizikimbia. Nilirudi shule na ufunguo shingoni. Chakula kilikuwa kwenye friji, kimefunikwa kwa sahani. Nilikipasha kwenye maikrowevu, nikala nikitazama ukuta, nikaosha sahani mbili, ile ya chakula na ile ya kufunikia. Wakati wa baridi giza liliingia kabla sijavua viatu. Sheria za mama zilikuwa tatu: nisifungue mlango, nisiwashe jiko, simu nipokee tu ikilia mara mbili, ikatike, ilie tena.

Siku mama aliponiambia anagombea, alinikalisha mezani kama mtu mzima. "Nikiingia barazani, zamu za jioni naziacha. Tutakula pamoja kila siku, mimi na wewe. Umesikia?"

Nilisikia vizuri mno. Msije mkadhani mama ndiye aliyekitaka kile kiti kuliko wote. Nilikitaka mimi. Kichwani mwangu baraza lilikuwa ni meza ya jikoni kwetu, na mama amekaa upande wa pili.

Tatizo lilikuwa moja, chama kilimweka wa kumi na moja kwenye orodha. Wa kumi na moja ni sawa na kuambiwa asante kwa kuja. Lakini huku kuna njia. Karatasi ya kura ina majina, na mpiga kura akitaka anaweza kuweka alama ya X kwa mtu mmoja anayempenda. Alama za mtu zikitosha, anawaruka walio juu yake. Ila ni mmoja tu. Ukiweka mbili, kura inaenda kwa chama, na alama zako zote zinakufa. Na kwa kura za mkoa huhitaji uraia. Ukishakaa miaka yako unapiga. Mama akaona mwanya. Wazee wetu, wale ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaomba chochote zaidi ya vitambulisho, ndio wangemrusha.

Jumamosi moja mchana sebule yetu ilijaa. Chai ya tangawizi, visheti, makoti yamerundikwa kitandani kwangu. Kwenye kochi alikaa Mzee Lwanga, Mganda aliyekimbia kwao akiwa kijana na ambaye sasa aliishi peke yake jengo la pili. Kando yake alikuwa Mama Furaha, Mkongo, msafishaji wa mashule, sauti yake ikitangulia mlangoni kabla ya mwili. Mama alikuwa amechapisha karatasi za bluu za mazoezi ili wajifunze. Kabla hajaanza, simu ikalia: kwenye kibanda cha kampeni kule stesheni hakuna mtu, aende. Akavaa koti la chama, akanishika bega.

"Karatasi moja, alama moja. Wewe unajua. Wafundishe."

Nilikuwa na miaka kumi. Nilisimama mbele ya watu walionizidi miaka hamsini nikawafundisha kupiga kura. Niliwasomea majina yote, nikawaonyesha la mama, nikawachorea X.

"Professeur kabisa huyu!" Mama Furaha akapiga makofi. "Lakini mtoto, msalaba kwa jina la mtu mwenye iko hai? Haimletee mikosi?"

"Si msalaba, umelala," nikamwambia.

"Umelala ni kusema umeanguka."

Watu wakacheka. Mzee Lwanga hakucheka. Alikuwa ameushika mguu wa miwani yake, anaitazama karatasi juu kabisa, palipokuwa na jina la kwanza. Lilikuwa la mzee wa chama, nitamwita Lennart.

"Wewe mtoto, kuja hapa," akasema. "Huyu Lennart nimuache tu hivi?"

"Ndiyo, babu."

"Huyu alikuja kuzika mke wangu. Alisimama kwa barafu saa nzima, bila kofia, masikio yamekuwa nyekundu. Hata ndugu zangu wengine hawakuja. Leo nipite mbele ya jina lake kama simjui?"

Kila mtu pale alikuwa na Lennart wake. Mmoja, mtoto wake alipofukuzwa shule Lennart ndiye aliyempigia mwalimu simu; mwingine, Lennart alikula naye Idi, amekaa chini na kunyoosha miguu vibaya.

"Ah non," Mama Furaha akasema. "Ni kukosa heshima hiyo. Tena yeye ndiye iko juu. Utamruka mkubwa uende kusalimia wa kumi na moja? Wazazi walitulea hivyo?"

Wote wakanigeukia mimi.

Nataka mwelewe nilivyowaza, kwa sababu kwa miaka mingi nimewaza upya na bado naona mantiki yake. Mama alinilea kwa sheria. Ukiingia mahali unasalimia wote, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Ukimruka mtu unarudishwa mlangoni uanze upya. Na ukienda kwa watu ukaletewa sahani ya biskuti, unachukua moja. Moja tu. Lakini mwenye nyumba akikusisitiza, unachukua ya pili, maana kukataa ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo niliposikia "alama moja," nilisikia sheria ya biskuti. Niliamini mama kasema moja kwa unyenyekevu, kama anavyosema tumeshiba wakati hatujashiba.

"Mnaweza kumwekea na yeye," nikasema. "Ila ya mama iwe kubwa zaidi."

Kochi zima likapumua. "Voilà!" Mama Furaha akasema. "Mtoto ana akili ya kuzaliwa nayo." Mzee Lwanga akachora X mbili, moja ndogo ya adabu kwa Lennart, moja kwa mama iliyovuka kisanduku ikagusa jina la jirani. Kisha akatoa simu mfukoni, akawapigia watu wake wa Hagsätra, mtaa wa jirani, na wao wakawapigia wao. Nilimsikia akisema kwa fahari: "Si mimi. Mtoto wa mwenyewe amesema."

Nilifurahi. Nilikata keki ya mama bila ruhusa nikawagawia.

Kura za chama hujulikana haraka, alama za watu huhesabiwa polepole. Ilikuwa Ijumaa mchana baada ya uchaguzi, nimetoka shule, mama ameshavaa sare ya kazini. Simu ya chama ikaja. Alisikiliza amesimama, mkono mmoja umeshika kiti. Akasema asante mara tatu. Akakata. "Zimepungua," akaniambia. "Chache tu." Akaanza kutafuta viatu vyake, vilivyokuwa miguuni.

Kabla hajatoka kengele ikalia. Mama Furaha na bakuli la maandazi, tayari analia.

"Imewezekana aje? Miye nilikupa! Kubwa kabisa! Lennart nilimpa kadogo tu!"

Mama akasimama. "Ulimpa nani?"

"Kadogo tu. Ya salamu. Wote tulifanya vile."

Mimi nilikuwa kwenye korido. Nikamwona mama anatoa shingo mbele kama mtu aliyesikia gesi inavuja.

"Nani aliwaambia?"

Sikusubiri jibu. Niliingia bafuni, nikafunga mlango kwa ndani, nikafungulia bomba mpaka mwisho. Nilisimama nimeziba masikio, maji yakipiga beseni, nikihesabu vigae. Kwa kila kigae nilijiambia mama ataupiga mlango. Nilifika mia na kitu. Kisha akagonga, kidogo tu.

"Rehema. Ukimaliza uje ukunje nguo. Mimi nachelewa."

Sauti ya kawaida. Nikajua hajaambiwa. Nikajua pia, kwa hesabu ya mtoto wa miaka kumi, kwamba kama hajui basi ni mimi tu ninayejua, na mwenye kujua ndiye anayelipa.

Nilianza kulipa siku hiyohiyo. Nguo nilizikunja, nikazipanga kwa rangi.

Ninyi mliolelewa huku mnajua chumba cha kufulia cha jengo. Unajiandikisha siku yako kwenye ubao, unapewa masaa matatu, ukichelewa dakika tano jirani anakubandikia karatasi ya matusi yenye adabu. Siku yetu iliangukia jioni ya mikutano ya mama, maana walimpa ujumbe wa akiba barazani, wa kukaa pale mjumbe akiugua. Kwa hiyo nilifua mimi. Miaka minne, kwenye chumba kisicho na dirisha, mashine tatu zikipiga kelele, nasubiri. Vipeperushi nilivisambaza mimi, ghorofa kwa ghorofa, yale matundu ya barua ya milangoni yakinibana vidole kama midomo ya mbwa. Hotuba zake nilizisahihisha mimi. Alisimama jikoni na mwiko, anahutubia sufuria, na mimi namkatiza kila Kiswidi kilipomteleza. Kila kauli yake nzuri mliyoipigia makofi, nimeisikia mara thelathini ikiwa mbovu.

Sikulazimishwa, na hilo ndilo linaloniua. Mama hakuwahi kunipigia kelele. Aliuliza tu, kwa upole, "Utaweza kunisaidia?" na mimi nikajibu ndiyo kabla hajamaliza. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili timu yangu ya mpira wa mikono ilichaguliwa kwenda mashindano ya siku tatu, na kocha akanipa jezi mkononi. Wikiendi hiyohiyo mama alikuwa na mkutano mkuu na watu wa kulala kwetu. Elin, rafiki yangu, akaniuliza kwa Kiswidi, mbona wewe husemi hapana hata siku moja? Nikarudisha jezi. Ningemwambiaje? Kwamba nimemnyang'anya mama yangu kazi kwa mdomo wangu, na nikisema hapana hata mara moja atanitazama na kujua?

Kwenye sherehe mama alinisimamisha. "Huyu mtoto sijawahi kumwambia kitu mara mbili." Wanawake wakawafinya watoto wao: "Mwone Rehema." Wale watoto walinichukia, na walikuwa na haki.

Baada ya miaka minne mama aliingia. Safari hii aliwafundisha mwenyewe, na Mzee Lwanga alikuja na vigelegele vyake vya kiume: "Leo Lennart sikumtazama hata uso!" Nyumba ilijaa. Niliwekwa mbele ya kamera na maua. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilihisi mlango umefunguka mahali. Watu walipoondoka nikamuuliza, naosha glasi, nimempa mgongo: "Sasa zamu za jioni unaziacha?"

"Ee, mwanangu," akasema. "Sasa kazi ndiyo inaanza."

Ujumbe wa pale si ajira, unaongezewa juu ya kazi yako. Zamu ziliendelea, na juu yake vikao. Nikaendelea kula na ukuta.

Sitaki kumdhulumu. Mama amefanya kazi. Alipigania kliniki ziwe na wakalimani mpaka wenzake barazani wakamwona kero, na nilipokuwa najifungua mkunga aliliona jina langu la ukoo akaniuliza, ni mama yako? Akanishika mkono vizuri zaidi. Niliona fahari, na nikataka kumtupia mto. Mambo yote mawili kwa pamoja.

Jumapili iliyopita, siku mbili baada ya ile stoo, mama alikuja kwangu. Binti yangu Zawadi, ana miaka minne, alikuwa sakafuni na matofali yake. Mama aliweka mkoba wake kwenye korido, akatoa fomu, akaja nayo mezani. Ni fomu ya kukubali jina lako liwekwe kwenye orodha ya wagombea. Alikuwa ameshaijaza kwa jina langu, imebaki saini.

"Wa tatu," akasema. "Mimi walinipa wa kumi na moja. Wewe wanakupa wa tatu."

"Mama, nina mtoto."

"Na mimi nilikuwa na mtoto."

Neno ndiyo lilishafika mdomoni. Naapa. Mkono ulishaisogelea kalamu. Nikauona, nikaurudisha mapajani kama mkono wa mtu mwingine.

"Mama," nikasema, "ile mara ya kwanza, ulipokosa. Ni mimi niliyewaambia waweke alama mbili."

Miaka kumi na sita nimeibeba ile sentensi. Nilidhani nyumba ingetikisika. Mama aliondoa nyuzi kwenye kitambaa cha meza.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Mama Furaha aliniambia ukiwa bafuni. Halafu Mzee Lwanga akapiga simu kuomba radhi kwa niaba yako."

Nilimwangalia. Nilisubiri iwe mzaha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekugombeza? Ulikuwa mtoto. Ulifanya adabu."

"Hungenigombeza. Ungeniambia tu unajua. Maneno mawili, mama. Nimetembea miaka kumi na sita nikiwaza wewe hujui!"

Mama yangu ni mtu wa kupewa dakika mbili akachukua saba. Safari hii hakuwa na sauti ya jukwaani.

"Mwanzoni nilisema nitakwambia wiki ijayo, uchungu ukiisha. Kisha nikaona umetulia ghafla. Nikirudi nguo zimekunjwa, chakula kimepikwa. Kila nikikuomba unasema ndiyo." Akasogeza fomu kidogo, ikae sawa na ukingo wa meza. "Nilikuwa na wanaume kumi juu yangu kwenye ile orodha, Rehema, na hakuna hata mmoja aliyefua nguo zake mwenyewe. Wao walikuwa na wake. Mimi nilikuwa na wewe."

"Nilikuwa na miaka kumi."

"Najua."

"Kwa hiyo uliona kwa nini nasema ndiyo. Ukaacha."

Hakukataa. Nitampa hilo, hakukataa. "Nikaacha," akasema.

Nilitaka alie ili nimchukie vizuri, au ajitetee ili nipige kelele. Hakufanya lolote kati ya hayo. Tulikaa wanawake wawili wazima mezani na fomu katikati, na nikaona amezeeka mikono. Nikaichukua ile fomu nikaikunja mara mbili, nikamrudishia.

"Sitaki," nikasema.

"Hutaki sasa, au hutaki kabisa?"

"Sitaki. Usinitafutie neno jingine."

Aliitazama ile fomu iliyokunjwa. Kisha akaanza kufunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja, kuanzia chini. Aliangalia saa ya ukutani, asikose treni yake. Halafu akageuka kwa mjukuu wake sakafuni, na ile sauti laini ikarudi, ileile, haijachakaa hata kidogo.

"Zawadi, mjukuu wangu mzuri. Utaweza kumletea bibi mkoba wake pale kwenye korido?"

Zawadi hakuinua kichwa. "Nej," akasema. "Jag leker." Hapana, nacheza.

Mama akanigeukia. Alinitazama anavyotazama mtu anayesubiri mwenzake atimize wajibu, nimkemee mtoto, nimwambie bibi haambiwi hapana. Na mimi nimelelewa hivyo, ulimi wote ulikuwa umeshajikunja kusema. Nikauacha umekunjwa.

Kisha akainuka, akashika ukingo wa meza, akaenda kuuchukua mkoba wake mwenyewe.